Daipa Tatu za Asubuhi: Jinsi ya Kuwasaidia Wazazi Wasiomudu Daipa Mtaani

Kibanda changu kiko Mukuru kwa Njenga, mtaa wa mabanda Nairobi, nami hukifungua saa kumi na moja na nusu alfajiri. Wateja wa kwanza hawaji kununua mkate. Ni akina mama wenye watoto mgongoni, wanaokimbilia bebi kea, nyumba za kulelea watoto mchana, kabla ya kushika njia ya Industrial Area, South B au Eastleigh kutafuta vibarua vya kufua. Bebi kea za hapa kwetu zinataka vitu vitatu: chupa ya uji, nguo ya kubadilisha na daipa tatu. Asiye na daipa tatu mtoto wake hapokewi, na mtoto asipopokewa, mama hana kazi siku hiyo. Nimewaona wakisimama mbele yangu wakizihesabu sarafu mara ya pili na ya tatu, kisha wanageuka na kurudi walikotoka.

Kwangu daipa moja ni shilingi 25. Tatu ni 75. Kibarua cha kufua kikipatikana humletea mama kama 500 jioni. Basi aliyekosa 75 alfajiri amekosa na 500 ya jioni, na kesho yake ataamka akiwa na shida mbili badala ya moja. Ninapoeleza hapa jinsi ya kusaidia, nazungumzia hizo 75, na hiyo saa moja kati ya kumi na moja na nusu na kumi na mbili na nusu.

Tena anayenunua moja moja ndiye anayelipa ghali kuliko wote. Nikichukua pakiti ya 50 kwa bei ya jumla Nyamakima, katikati ya jiji, daipa moja hunifikia kwa shilingi 16 hivi. Mama mwenye mshahara anayebeba pakiti kubwa supamaketi kila mwisho wa mwezi hulipa kidogo kwa kila daipa kuliko mama wa Mukuru asiyejua atakula nini kesho. Hizo tisa za juu ndizo hulipa kodi ya kibanda changu. Nililifikiria jambo hilo usiku mwingi, na ndipo nikaanza kazi hii.

Usianze na katoni

Nilianza vibaya, na nalieleza kosa lenyewe kwa sababu naona watu wengi wema wakilirudia. Kampuni moja ilileta katoni za daipa Jumamosi moja, nami nikaombwa kuwakusanya akina mama. Walikuja wengi, wakasimama juani kwa muda wa karibu saa tatu, wakapigwa picha na hotuba ikasomwa. Kila mmoja akaondoka na pakiti kubwa. Jumatatu nikaziona pakiti zile zile zimepangwa kwenye kibanda cha jirani yangu. Akina mama walikuwa wameziuza.

Nilikasirika, kusema kweli. Nikamwendea mmoja wao, mama wa mapacha, nikamuuliza. Akanijibu kwa upole: "Mama, nyumba ilikuwa imefungwa kufuli na mwenye ploti kwa ajili ya kodi. Daipa haifungui kufuli." Na pakiti yenyewe ilikuwa ya watoto wachanga ilhali mapacha wake walikuwa wameanza kutembea. Kwake ile haikuwa daipa, ilikuwa mia sita zilizofungwa kwenye plastiki.

Hapo nikajifunza mambo mawili. Ukimpa mtu mwenye njaa mali nyingi kwa siku moja, njaa itaila hiyo mali. Na daipa isiyomtosha mtoto haina tofauti na kutotoa. Tangu hapo sitoi pakiti. Natoa tatu tatu, kila asubuhi ya kazi, za saizi ya mtoto huyo.

Kadi ya kibandani

Utaratibu wetu ni mwepisi na unaweza kuuanza kwa mtaji wa watu wanne. Tafuta kibanda kinachofunguliwa mapema na kilicho njiani kuelekea bebi kea. Kikiwa upande mwingine wa mtaa hakifai hata mwenyewe akiwa na moyo wa dhahabu, maana mama mwenye mzigo mgongoni hatazunguka. Kubaliana na mwenye kibanda bei ya kati. Mimi huwauzia wafadhili wetu kwa 18 badala ya 25. Nabaki na kidogo cha usafiri, na wao wanapata daipa nyingi zaidi kwa pesa ile ile.

Mfadhili hutuma pesa kwa M-Pesa, iwe 54 za asubuhi moja au 324 za wiki ya siku sita. Mimi naandika kwenye daftari. Mama ana kadi ya karatasi ngumu niliyoikata kwenye boksi la sabuni, yenye namba na saizi ya mtoto. Jina halimo. Akifika asubuhi ananionyesha kadi jinsi angenionyesha noti, nampa daipa tatu zilizofungwa kwenye gazeti, nachora mstari daftarini, anaondoka. Aliye nyuma yake kwenye foleni hajui kama amelipa au amepewa. Jambo hilo ni kubwa kuliko unavyodhani. Kuna mama aliyekataa msaada wangu miezi miwili, akaukubali siku alipoona kwamba kadi haisemi kitu.

Kadi hudumu wiki 12, kisha tunazungumza. Wengi huwa wamejipanga kufikia hapo, kwa sababu siku 6 za kazi kila wiki bila kukatika zinampa mama wateja wa kudumu, wale wanaompigia simu badala ya kumwokota barabarani. Asiyejipanga huongezewa. Sijawahi kumnyang'anya mtu kadi.

Usimwombe mama athibitishe umaskini wake. Usimuulize baba wa mtoto yuko wapi. Walioko karibu naye tayari wanajua hali yake: mwenye bebi kea anajua ni nani harudishi mtoto siku za katikati ya wiki, mhudumu wa afya anayezunguka ploti hadi ploti anajua ni nani amejifungua juzi, na muuguzi wa kliniki huona ni mtoto gani anakuja na kitambaa kilicholowa. Waombe hao watatu wakuletee watu. Na usipige picha za watoto. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, lakini hata kama isingekuwepo, mtoto huyo atakuwa mtu mzima siku moja, na picha yake akiwa uchi wa shida itakuwa bado inazunguka.

Usisahau pia kwamba wapo wazazi wasiokuja kwenye mkutano wa akina mama. Kuna baba aliyefiwa na mkewe mtoto akiwa na miezi minne. Alikuwa akinunua daipa moja usiku, watu wakishalala. Kuna nyanya wanaolea wajukuu. Na kuna wazazi wa watoto wenye mtindio wa ubongo, ambao kwangu ndio wa kwanza kwenye orodha. Mtoto wa miaka saba anayevaa daipa anahitaji saizi ambayo hakuna mtu huitoa sadaka, na bei yake hupanda kadiri mwili unavyokua, ilhali majirani wanadhani umri wa daipa umepita. Kwa mzazi huyo usiishie kwenye daipa. Msindikize akamsajili mtoto kwenye Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, na muulize chifu kuhusu mpango wa Inua Jamii, unaolipa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa familia zilizoandikishwa zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa. Usajili una safari nyingi na foleni ndefu. Mtu wa kukushikia mtoto siku hiyo ni msaada sawa na daipa.

Saizi iko kwenye kitabu cha kliniki

Watu hununua daipa kwa umri wa mtoto. Daipa huenda kwa uzito. Na namba 3 ya kampuni moja si lazima ilingane na namba 3 ya nyingine, kwa hivyo soma kilo zilizoandikwa kwenye pakiti. Uzito wa mtoto umo kwenye kitabu chake cha kliniki. Baada ya zile za kuzaliwa, chanjo za Kenya hutolewa wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha miezi 9 na miezi 18, na kila mara mtoto hupimwa. Mimi humwambia mama aniletee kitabu baada ya kila chanjo, nabadilisha saizi kwenye kadi. Faida nyingine imejitokeza yenyewe: hawakosi tena chanjo.

Daipa ndogo hubana mapaja na kuvuja. Kubwa nayo huvuja pembeni, na mtoto mmoja anamaliza mbili badala ya moja.

Kabla hujanunua kwa jumla, zijaribu. Ziko zinazouzwa bila pakiti, kwenye mifuko mikubwa isiyo na jina, nyingine nzuri, nyingine takataka. Nunua moja, mimina maji robo tatu ya kikombe cha chai, hesabu hadi sitini, kisha kandamiza karatasi ya choo juu yake. Karatasi ikilowa chapachapa, iache hata kama ni ya bei nafuu. Angalia gundi za pembeni pia: fungua na ufunge mara tatu.

Chanzo kingine kizuri ni pakiti zilizofunguliwa. Kila nyumba yenye mtoto Nairobi ina nusu pakiti iliyobaki mtoto alipokua ghafla. Waambie wenzako wa ofisini, wa kanisani, wa msikitini: msitununulie, tupeni zilizobaki. Zipange kwa kilo, ziweke juu ya ubao na si sakafuni, ndani ya ndoo yenye kifuniko. Panya hupenda kujenga kiota kwenye pamba ile, na mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalinimalizia zote zilizokuwa chini. Wiki zile, familia zilipokuwa zikilala kwenye shule, tuliletewa unga na blanketi, Mungu awabariki waliotoa. Daipa hazikuja hata moja hadi tulipoomba kwa kutaja. Ukipanga msaada wa dharura, taja daipa kwa jina na kwa kilo.

Nepi za kitambaa, na pale zisipofaa

Watu wa nje wakija hapa hushauri jambo moja: "Si watumie nepi za kufua?" Nawaomba wahesabu kwanza. Maji tunanunua kwa mtungi wa lita 20, na bei hupanda mifereji ikikauka. Sabuni inanunuliwa. Kamba ya kuanikia ni ya ploti nzima, na kitu kizuri kikianikwa bila mlinzi huondoka. Bebi kea nyingi hazipokei nepi za kitambaa kwa sababu mwanamke mmoja ana watoto kumi na tano na beseni moja. Kwa hivyo mchana wa kazi ni daipa. Kitambaa ni cha usiku, cha Jumapili, na cha mwezi wa kwanza mama akiwa bado nyumbani na mtoto mchanga anayehitaji kubadilishwa mara 8 hadi 12 kwa siku. Ukipanga hivyo, nepi inaokoa pesa kweli.

Tunashona wenyewe. Soko la Gikomba utapata shuka za flaneli na taulo za mitumba. Chagua pamba, ziminye mkononi na uache zenye utelezi wa nailoni. Kata mraba wa sentimita 60, pinda ukingo, fundi apitishe cherehani mara mbili. Zifue mara tatu kabla ya kutumia, maana kitambaa kipya au chenye manukato hakinywi maji. Mpe mama nepi 12 na chupi mbili za plastiki za kuvalisha juu. Chini ya hapo atafua zaidi ya mara moja kwa siku na atachoka.

Kufua: mwaga kinyesi chooni kwanza, suuza kwa maji kidogo, loweka, fua kwa sabuni ya kipande, suuza hadi maji yawe meupe. Usitie dawa ya kulainisha nguo, inazuia kitambaa kisinywe. Jua la Nairobi ndilo dawa bora. Kuanzia Juni hadi Agosti, jua likijificha na baridi kushika, piga pasi mpaka nepi ikauke kabisa.

Na kuna jambo nililofundishwa na nyanya mmoja Mdigo wa Kwale aliyehamia ploti yetu kukaa na binti yake. Mjukuu wake wa miezi mitano alikuwa akimaliza daipa moja tu kwa siku. Nilifikiri wanambania. Kumbe tangu wiki za mwanzo alikuwa akikaa chini, amenyoosha miguu, mtoto amempakata katikati ya miguu akitazama mbele, huku akimpigia sauti ndogo ya "shuus". Mtoto akisikia sauti hiyo anakojoa. Nilidhani ni mazoea ya nyumba yao tu, hadi nilipoambiwa kwamba Wadigo waliandikiwa utafiti kwa ajili hiyo, ukachapishwa mwaka 1977 kwenye jarida la madaktari wa watoto huko Marekani, ukieleza kwamba watoto wao huwa wakavu mchana na usiku wakiwa na miezi mitano au sita. Sisi wengine tuliiacha elimu hii tulipoziona daipa madukani. Simlazimishi mama yeyote, lakini namwonyesha: jaribu mtoto anapoamka, na dakika chache baada ya kunyonya. Mikojo miwili ukiidaka kwa siku, umeokoa daipa moja, na Jumapili ya kupumzika una nafasi ya kujaribu zaidi. Usimgombeze mtoto akikosa.

Ngozi ya mtoto

Asiye na daipa za kutosha hufanya mojawapo ya haya: anaacha moja kutwa nzima, au anaitoa, anaianika juani, anaivalisha tena. Nimeyaona yote mawili, wala si uzembe. Usimkaripie. Mweleze kwamba mkojo uliokaa unachoma ngozi, na daipa iliyoanikwa inabaki na chumvi na vijidudu vyake. Daipa yenye kinyesi itolewe papo hapo, yenye mkojo isizidi muda wa saa tatu au nne. Akiishiwa kabisa, kitambaa safi cha leso kuukuu ni salama kuliko daipa ya jana.

Mtoto akiwa mwekundu: osha kwa maji matupu, pangusa kwa kugusagusa, mwache bila nguo juu ya leso robo saa, paka mafuta ya mgando. Poda iache, mtoto huivuta puani. Wekundu ukiingia kwenye mikunjo na vipele vidogo kuzunguka, au usipopungua kwa siku tatu, ni wa kupelekwa kliniki, kwa sababu huenda ni ukungu wa ngozi na mafuta peke yake hayautoi.

Na umwangalie mama. Mwaka 2013 watafiti wa Yale walichapisha matokeo kutoka mji wa New Haven, Marekani: akina mama waliokosa daipa walikuwa na shida za afya ya akili kuliko wenzao. Huko nako, kwenye nchi tajiri! Mama akikuambia "mtoto analia usiku kucha nami nalia naye", usimpe kadi ukaishia hapo. Keti naye.

Pesa na takataka

Mkifika watu kumi, jiandikisheni. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022 inataka wanachama wasiopungua kumi, na kazi hufanyika kwenye ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo yenu. Pesa za daipa zisilale kwenye simu ya mtu mmoja, hata kama huyo mtu ni wewe na unajiamini. Kila Ijumaa tunabandika ukutani: zimeingia ngapi, daipa ngapi zimetoka, zimebaki ngapi.

Bei nayo ifuatilieni. Mswada wa Fedha wa 2024 ulikuwa na pendekezo la tozo ya mazingira iliyogusa daipa. Mswada huo uliondolewa mwezi wa Juni baada ya maandamano, lakini hoja ya namna hiyo inaweza kurudi, na kikundi kilichoandikishwa kinaweza kuandika barua bungeni wakati wa maoni ya umma.

Mazingira yenyewe yananiuma kwelikweli, kwa sababu Mto Ngong unapita hapa na nimeona unachobeba. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Agosti 2017, watu hawana cha kufungia daipa chafu, na choo cha shimo kikitupiwa daipa kinajaa kabla ya wakati wake. Sisi tumetenga shilingi moja kwa kila daipa. Inanunua magunia, na inawalipa vijana wanaozoa taka kwenye ploti. Kila bebi kea ina gunia letu nyuma ya mlango. Kinyesi chooni, daipa inakunjwa, gazeti, gunia. Msichome, moshi wake unaingia kwenye vyumba ambamo watoto hao hao wamelala.

Mama akimaliza wiki zake, hunirudishia kadi na daipa zozote zilizobaki. Naifuta saizi kwa kisu, naandika saizi mpya. Kadi namba 7 imepita kwa watoto watano sasa, pembe zake zimekuwa laini kama kitambaa, na kesho alfajiri inakwenda kwa mtoto wa kilo nne na nusu.